Mnyauko wa Migomba Masisi: Nani Aliuleta?

Wasomi wenzangu, leo tuanze na panga.

Ingia shamba lolote la migomba kati ya Sake na Masisi, utaona hakuna kazi inayofanyika bila panga. Kukata mkungu, panga. Kutoa majani makavu, panga. Kung'oa chipukizi la kumpa jirani, panga. Majani ya kufunika shimo la kuivishia ndizi za kasiksi, majani ya mbuzi, majani ya kufungia vitu vya soko, yote ni panga lile lile, siku ile ile, shina hadi shina. Na mara nyingi linavuka mpaka wa shamba, maana panga huazimwa. Hakuna anayeliosha. Alioshe kwa nini? Mgomba si mtu, na panga si sindano.

Kumbe panga ni sindano. Historia ninayotaka kuwasimulia ni ya watu waliogundua hilo wakiwa wamechelewa, na ya swali ambalo kwetu Kivu huulizwa kabla ya maswali mengine yote: nani aliuleta?

Mwaka 2001 migomba ilianza kufa Masisi kwa namna ambayo wazee hawakuijua. Migomba yetu ina magonjwa ya zamani, na mkulima anayafahamu kama anavyofahamu tabia za majirani zake. Huu ulikuwa tofauti. Majani yalilegea na kugeuka manjano kama yamemwagiwa maji ya moto, huku mgomba ukiwa bado kijana. Ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, lilisinyaa na kuwa jeusi. Ndizi ziliiva kabla ya wakati, hii imeiva na ile bado, na ukizipasua ndani ni kahawia. Hazifai kupikwa, hazifai kukamuliwa. Ukikata shina, baada ya dakika chache unatoka usaha wa manjano.

Kwa familia ya Masisi, ndizi ni chakula, ni kasiksi ya kuuza, ni ada ya shule. Tofauti na maharage yenye msimu, mgomba hutoa kitu mwezi hadi mwezi. Kwa hiyo shamba likinyauka halipotei zao moja tu. Inapotea ile pesa ndogo ya kila wiki ambayo mama wa nyumbani huitegemea bila kumuomba mtu.

Kumbukeni ni mwaka gani. Mwaka 2001 Masisi ilikuwa chini ya utawala wa waasi wa RCD-Goma, na vita vya pili vya Kongo vilikuwa vimefika mwaka wa tatu. Mtandao wa utafiti wa kilimo tuliourithi, ile INEAC ya Wabelgiji ya mwaka 1933 iliyogeuka kuwa INERA mwaka 1970, ulikuwa umechoka kabisa. Bwana shamba wa kumwita hakuwepo, na kama alikuwepo, barabara haikumruhusu. Ugonjwa wenyewe haukuhitaji ruhusa ya mtu.

Jina rasmi lilikuja mwaka 2006. Profesa Vigheri Ndungo wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, pamoja na wenzake wa nje, walichapisha katika jarida la Plant Pathology taarifa fupi kwamba mnyauko bakteria wa migomba uko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hesabuni wenyewe: tangu mgomba wa kwanza kunyauka hadi dunia ya sayansi kusoma habari hiyo katika jarida, miaka mitano. Sisemi hivyo kuwalaumu. Kuchukua kipande cha shina kinachovuja usaha, kukifikisha maabara kikiwa bado kinafaa, na kuthibitisha kimelea chenyewe, katika miaka ile na katika jimbo lile, ni kazi ninayoiheshimu kuliko tasnifu nyingi nilizosoma.

Mwaka huo huo wa 2001 ugonjwa huo ulionekana pia Uganda, upande wa Mukono. Basi hapo hadithi ikajiandika yenyewe. Uganda 2001, Kongo 2001. Majeshi ya Uganda na ya Rwanda yalikuwa ndani ya ardhi yetu wakati huo. Wakimbizi, wafanyabiashara, wanajeshi, wote wakipita. Ukiwa Mkongo wa mashariki na umeishi miaka ile, huhitaji ushahidi wa pili: umetoka Uganda, umeletwa. Ugonjwa ukaendelea kutangazwa nchi baada ya nchi, Rwanda, kisha Tanzania na Kenya mwaka 2006, kisha Burundi mwaka 2010, na ramani ikaonekana kama moto uliowashwa sehemu moja.

Ila ramani ya miaka ambayo ugonjwa ulitangazwa si ramani ya njia uliyopita. Inakuonyesha tu nani alikuwa na mtu wa kutangaza.

Turudi nyuma zaidi, Ethiopia. Kule kuna mmea uitwao enseti, ndugu wa mgomba. Ukiuona kwa mbali utasema ni mgomba mnene. Watu hawali matunda yake, wanakula shina na kisiki baada ya kuvichachusha ardhini. Mwaka 1939 Mwitaliano aitwaye Castellani aliandika kuhusu kuoza kwa enseti. Mwaka 1968 Yirgou na Bradbury walitambua kisababishi kuwa ni bakteria wa jamii ya Xanthomonas, na mwaka 1974 wakaripoti kwamba ameonekana pia kwenye migomba ya Ethiopia. Halafu ukimya wa zaidi ya robo karne. Hadi mwaka 2001, nje ya Ethiopia hakuna aliyekuwa na sababu ya kulijua jina hilo.

Bakteria huyu anafanya nini ndani? Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo sehemu tuliyokariri chuoni bila kuiona.

Sisi tuna seli zinazotembea. Seli nyeupe za damu hutoka kwenye mshipa na kufuata harufu ya jeraha. Hata saratani huua zaidi pale seli zake zinapojifunza kuhama, kutoka titi kwenda pafu, kutoka tezi kwenda mfupa. Mmea haufanyi hivyo. Kila seli yake imefungwa ndani ya ukuta, imezaliwa pale na itafia pale. Mgomba hauwezi kumtuma askari mahali palipovamiwa. Kila seli lazima iwe askari wa nyumba yake mwenyewe, na ipige kelele ili majirani wajiandae.

Kelele hiyo ni ya kikemia. Juu ya ngozi ya seli kuna vipokezi vinavyotambua vipande vya bakteria, kwa mfano protini ya ule mkia anaoogelea nao. Kipokezi kikiguswa, protini moja inaibandika nyingine fosfati, hiyo inaibandika inayofuata, na taarifa inapokezana hivyo hadi kwenye kiini, ambako jeni za ulinzi zinawashwa. Seli inamwaga oksijeni kali, inaimarisha ukuta, na hali ikiwa mbaya zaidi inajiua yenyewe kwa makusudi ili mvamizi abaki amezingirwa na maiti.

Xanthomonas anaijua kengele hiyo. Ana kifaa kama sindano, anakidunga kwenye seli na kuingiza protini zake, na baadhi ya protini hizo kazi yake ni kukata waya wa kengele. Basi ile taarifa iliyokuwa ikipokezanwa inaishia njiani. Halafu, kwa kuwa seli za mmea hazihami, anayehama ni yeye. Anaingia kwenye mishipa ya maji, anazaliana, anateremka hadi kwenye kisiki. Mishipa inaziba, majani yanakosa maji hata mvua ikinyesha.

Anaingilia wapi? Njia mbili kubwa. Ya kwanza ni wadudu. Ua dume linapodondosha vijani vyake linaacha vidonda vibichi, na nyuki na wadudu wengine wanaokuja kufuata utomvu wanabeba bakteria kutoka ua hadi ua. Ya pili ni sisi na panga letu.

Na hapa jiografia yetu inaingia. Watafiti waliopima miinuko mbalimbali waliona kwamba juu ya mita 1,700 hivi maambukizi ya wadudu huwa machache sana. Sehemu kubwa ya mashamba ya Masisi iko kwenye urefu huo au zaidi. Kule juu baridi inatulinda na wadudu, kwa hiyo mshukiwa mkuu anabaki kuwa panga na chipukizi la kupanda. Ukishuka kuelekea Walikale, barabara inaacha malisho na baridi na kuingia msitu wa chini, wenye joto, wenye makemba na wadudu mwaka mzima. Bakteria ni yule yule, lakini vita ni viwili. Mtu akikuletea somo moja la kinga kwa Masisi na Walikale, muulize kama amewahi kupita barabara hiyo.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mwaka 2012 Arthur Wasukira, mtafiti kutoka Uganda, pamoja na David Studholme wa Chuo Kikuu cha Exeter na wenzao, walichapisha matokeo ya kusoma DNA nzima ya vielelezo vya bakteria huyu kutoka nchi mbalimbali. Kwa macho ya kawaida ya maabara bakteria hawa walikuwa sawa kabisa, kama mapacha. Lakini DNA inaponakiliwa hukosewa herufi moja hapa, moja pale, na mtoto hurithi kosa la mzazi. Ukilinganisha makosa hayo unajua nani ni ndugu wa karibu wa nani, kama vile mwalimu anavyojua nani alinakili kwa nani kwenye mtihani kwa sababu wote wawili wamekosea swali la tisa kwa namna ile ile. (Tusijifanye hatujui mfano huu.)

Matokeo: vielelezo viligawanyika katika koo mbili. Katika ukoo mmoja kulikuwa na vya Uganda, Kenya, Tanzania na Burundi. Katika ukoo wa pili kulikuwa na vya Kongo na Rwanda, pamoja na vya Ethiopia.

Soma tena taratibu. Bakteria wa Kongo hakufanana zaidi na yule wa Uganda. Waandishi walipendekeza, kwa tahadhari inayostahili, kwamba huenda ugonjwa uliingia katika kanda yetu zaidi ya mara moja, pengine kutoka Ethiopia. Ule mwaka mmoja wa 2001 uliotufanya tuchore mshale kutoka Mukono hadi Masisi unaweza kuwa matukio mawili tofauti.

Mimi ningekuwa mwangalifu kuruka kutoka hapo hadi hitimisho jipya. Tayari nimesikia vijana wakisema, "Basi, ni Rwanda!" Hapana. Ukoo ule ule ukionekana pande mbili za mpaka, DNA haisemi nani alivuka kwenda kwa nani, na Rwanda yenyewe ilitangaza ugonjwa baada ya sisi. Kwa Kinyarwanda wanauita kirabiranya, na mkulima wa Rubavu aliyepoteza shamba lake analia kwa sababu ile ile anayolilia mkulima wa Masisi. Katika wilaya ambako swali la nani ni mwenyeji na nani amekuja limeua watu tangu 1993, kumpa bakteria kabila ni mchezo wa hatari. Kitu ambacho DNA imetuonyesha ni kwamba ushahidi wetu wa mwanzo, ule wa "kila mtu anajua", haukuwa ushahidi.

Kuna upande mwingine wa historia hii, na unapitia kwenye uvimbe.

Mwaka 1907, Marekani, Erwin Smith na Charles Townsend walionyesha kwamba uvimbe unaoota kwenye shina la mimea mingi husababishwa na bakteria, ambaye leo anaitwa Agrobacterium. Smith aliamini uvimbe huo ungetufundisha kitu kuhusu saratani ya binadamu, na wengi wa wakati wake hawakumsadiki. Mwaka 1942 Philip White na Armin Braun walikuza tishu ya uvimbe isiyo na bakteria hata mmoja ndani yake, na ikaendelea kukua. Yaani bakteria alikuwa amekwenda zake lakini amri aliyoiacha ilibaki. Amri gani? Jibu lilikamilika miaka ya 1970: Ghent, Ubelgiji, kundi la Jeff Schell na Marc Van Montagu lilipata mduara mkubwa wa DNA unaobeba uwezo huo, na mwaka 1977 Mary-Dell Chilton na wenzake Marekani wakathibitisha kwamba kipande cha DNA ya bakteria kimo ndani ya seli za uvimbe. Kipande hicho kina jeni za kutengeneza oksini na saitokinini, homoni ambazo kwa kawaida mmea huzitoa kwa kipimo ili kusema "kua hapa, simama pale". Sasa zinatoka bila kipimo. Ishara ya kukua imekwama, kama pembe ya gari iliyokwama. Saratani nyingi za binadamu zina sura hiyo hiyo, ila uvimbe wa mmea hausafiri kwa sababu ya zile kuta.

Wanasayansi wakafikiri: kama huyu anajua kuingiza DNA kwenye mmea, tutoe jeni za uvimbe, tuweke tunazotaka. Mimea ya kwanza ya namna hiyo ilitengenezwa mwaka 1983.

Inahusu nini na Masisi? Mgomba wa chakula hauna mbegu. Unapandwa kwa chipukizi, na chipukizi ni mama yake tena, kengele ile ile, waya ule ule unaokatika pale pale. Kumzalisha mgomba sugu kwa njia ya kawaida ni kazi ya miaka mingi. Kwa hiyo Leena Tripathi wa taasisi ya IITA na wenzake walimtumia Agrobacterium yule yule kuingiza kwenye migomba jeni mbili za pilipili hoho, ziitwazo Hrap na Pflp, zinazosaidia mmea kuitikia kwa ukali zaidi protini za mvamizi. Majaribio ya shambani yalianza Kawanda, Uganda, mwaka 2010, na mwaka 2014 walichapisha kwamba baadhi ya migomba hiyo haikuugua kwa mazao mawili mfululizo hata ilipodungwa bakteria. Tangu hapo suala likawa la sheria. Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa usalama wa bayoteknolojia mwaka 2017, rais akaurudisha bila kuutia saini. Hoja zipo pande zote mbili na sitazimaliza hapa. Ninachosema ni kwamba mkulima wa Masisi hakuwa na nafasi ya kusubiri zimalizike.

Kilichomsaidia ni kitu kidogo zaidi. Mwanzoni ushauri ulikuwa kung'oa kisiki chote pamoja na machipukizi yote, kufukia, na kukaa miezi bila kupanda mgomba mahali pale. Jaribu kumwambia hivyo mama mwenye visiki mia mbili na jembe moja, ambaye hajui kama mwezi ujao atakuwa bado kijijini. Wengi hawakufanya, na ninawaelewa. Baadaye Guy Blomme wa Bioversity na wenzake waliona kwamba bakteria hasambai kwenye kisiki chote kama ilivyodhaniwa. Shina moja linaweza kuwa linakufa na ndugu zake kadhaa wa kisiki kile kile wakawa salama. Basi njia mpya, iliyojaribiwa kwa wakulima Kivu Kusini: kata shina linaloumwa tu, usawa wa ardhi, mara unapoliona. Panga lipite kwenye moto au kwenye dawa ya klorini kabla halijagusa shina lingine. Ua dume litolewe kwa kijiti chenye panda, kwa kulizungusha, bila chuma, mara tu kichana cha mwisho kinapotokeza. Rudia kila wiki. Shamba halisafiki kwa siku moja, lakini mwenye kuendelea bila kuchoka huona mashina yanayougua yakipungua hadi yakawa machache sana ndani ya mwaka, huku akiendelea kula ndizi zake.

Shida ni lile neno "kila wiki". Njia hii inamtaka mkulima awepo. Mapema mwaka 2025 vita vilifika Masisi, kisha Goma, na mwezi wa Machi vikafika Walikale-kati. Shamba lililokimbiwa halina wa kukata shina linaloumwa, na kule chini msituni wadudu hawakukimbia. Familia inaporudi, kitu cha kwanza inachotafuta ni machipukizi ya kupanda, na inayachukua pale yanapopatikana, kwa jirani, kando ya barabara, kwa panga la kuazima. Chipukizi lenye bakteria ndani linaweza kuonekana zima kabisa kwa miezi. Majani ya kijani, shina gumu, ukilikata hakuna usaha. Linapandwa, linaota vizuri, na kunyauka kunakuja baadaye.